Mbwa Ananipa Chafya na Macho Yanawasha: Je, Lazima Aondoke Nyumbani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Mwaka jana watoto waliletewa mbwa mdogo na mjomba wao, wakampa jina la Popi. Tangu akue na kuzoea kulala sebuleni, napiga chafya mfululizo, pua inaziba, macho yanawasha, na akinilamba mkono natokwa na vipele papo hapo. Nikinunua vidonge duka la dawa napata nafuu, ila nasinzia kazini. Mke wangu na watoto hawana shida yoyote, wala hawataki kusikia habari ya kumtoa. Jamaa mmoja anayeuza mbwa ananishawishi nibadilishe, nichukue wa aina isiyoleta mzio, kwa bei ambayo ni mshahara wangu wa miezi miwili. Je, nimwondoe Popi, nimbadilishe, au kuna namna ya kuishi naye?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze njia yake. Kwa mtu ambaye mzio wake unaishia kwenye pua, macho na ngozi, kama ulivyoeleza, mara nyingi mbwa anaweza kubaki nyumbani na mwenye nyumba akaishi vizuri, ilimradi mambo mawili yafanyike kwa pamoja: kupunguza kiasi cha vumbi la mbwa linaloingia puani mwako, hasa saa za kulala, na kuitibu pua yenyewe kila siku kwa dawa inayoistahili, badala ya kukimbilia kidonge siku unapozidiwa. Kumbadilisha Popi kwa bei hiyo sikushauri hata kidogo, na sababu zake utaziona. Lakini kuna jambo moja ambalo hukuligusa, nalo linaweza kugeuza jibu langu lote: kifua chako kikoje?

Jichunguze kwa makini. Je, unakohoa usiku au alfajiri bila mafua? Je, unasikia mluzi kifuani unapotoa pumzi, au kifua kinabana baada ya kucheza na mbwa, baada ya kucheka sana, au unapopanda ngazi? Mzio wa pua na pumu huandamana mara nyingi kwa mtu mmoja, na wapo watu wengi wanaoishi na pumu miaka kadhaa huku wakiiita kikohozi cha vumbi. Ukijibu ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, usinunue chochote wala usijenge banda lolote kabla hujamwona daktari akakusikiliza kifua na kukupima kwa mashine ya kupulizia. Mtu mwenye pumu ambayo haijadhibitiwa hapaswi kulala chini ya paa moja na mnyama anayeichochea, na hapo sina maneno ya kubembeleza. Nikuonye pia kuhusu pampu ya buluu ambayo wengi hununua wenyewe: inafungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini haitibu uvimbe ulio ndani, na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaoitwa GINA, umeacha kushauri mtu mzima aitegemee hiyo peke yake. Siku utakapobanwa kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, huo si wakati wa kusubiri asubuhi. Ni wa kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tuseme kifua ni kizima. Swali linalofuata ni kama kweli mwenye kosa ni Popi, au ni Popi pamoja na wenzake. Vipele vinavyotokea pale tu alipokulamba vinaelekeza kwake moja kwa moja. Chafya na kuziba pua, hata hivyo, vina watuhumiwa wengi, na katika mji wa joto na unyevu kama Dar es Salaam mtuhumiwa wa kwanza ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho anayeishi kwenye magodoro, mito na makochi ya kitambaa na kula ngozi inayopukutika kutoka mwilini mwetu. Hewa ya pwani yenye unyevu humstawisha. Mwenye mzio na utitiri huamka na chafya, pua imeziba, kisha hupata nafuu kadiri siku inavyokwenda. Mwenye mzio na mbwa huanza kuwashwa dakika chache baada ya kukaa karibu naye au kukaa kwenye kochi lake. Mende nao wamo katika orodha hiyo. Na kama watoto wako wana vipele vya kuwasha miguuni na kiunoni, hiyo huenda ikawa ni viroboto tu, ambavyo dawa yake anayo daktari wa mifugo.

Kuna njia moja ya kupima ambayo watu huitumia sana na ambayo inadanganya: kumpeleka mbwa kwa ndugu wiki moja ili kuona kama chafya zitakoma. Protini za mnyama hubaki kwenye magodoro, makochi na kuta muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Kwa paka, vipimo vya vumbi la nyumbani vimeonyesha kwamba huchukua miezi minne hadi sita, na pengine zaidi, kushuka hadi kiwango cha nyumba isiyo na paka. Basi mbwa akiondoka kwa wiki na chafya zikaendelea, utahitimisha kwamba hana hatia, na utakuwa umemwachilia mhalifu. Badala yake, safari iwe yako. Ukipata nafasi ya kulala siku kadhaa penye nyumba isiyo na mbwa wala paka, andika kila asubuhi hali ya pua na macho, kisha andika yatakayotokea saa ya kwanza baada ya kurudi sebuleni kwako.

Kipimo cha uhakika zaidi hufanyika kliniki. Daktari huweka matone ya dawa zenye protini za mbwa, paka, utitiri, mende na chavua kwenye ngozi ya mkono, anachoma kidogo juu ya kila tone, kisha anasubiri dakika 15 hadi 20 aone wapi panavimba kama umeumwa na mbu. Hakiumi kiasi cha kuogopwa. Cha kukumbuka ni kwamba vidonge vya mzio hukizima, hivyo lazima uviache kwa takriban wiki moja kabla, isipokuwa daktari wako akikuambia vingine. Pia jua kwamba kuvimba kwa ngozi peke yake si ugonjwa. Wapo watu ambao ngozi yao huvimba kwa mbwa na maishani hawajawahi kupiga chafya kwa ajili yake. Kipimo kinasomwa pamoja na daftari lako la dalili, havitenganishwi.

Sasa tuje kwenye chanzo, kwa sababu ukikielewa, utajua mwenyewe lipi la kufanya na lipi ni kupoteza fedha. Wengi huamini kwamba tatizo ni manyoya. Sivyo. Kinachokusumbua ni protini zilizomo katika mate ya mbwa, katika mba unaopukutika kwenye ngozi yake, na katika mkojo. Wataalamu wamezipa majina ya namba; iliyo maarufu zaidi ni Can f 1, ambayo kwa wingi hutoka kwenye mate na ngozi. Manyoya ni kibebeo tu. Protini hizo hukauka, zikashikamana na chembe za vumbi ndogo sana, nyingine zikiwa chini ya mikromita 5, ambazo huelea hewani kwa saa nyingi na kupenya hadi ndani ya mapafu. Hunata kwenye nguo pia, na ndiyo maana zimekutwa madarasani na katika majengo ambayo mbwa hajawahi kukanyaga.

Ipo protini moja ambayo nataka uikumbuke kwa namba yake, nayo ni Can f 5. Hii hutengenezwa kwenye tezi dume ya mbwa na huongozwa na homoni za kiume, hivyo jike hanayo, na dume aliyehasiwa hubaki na kiasi kidogo sana. Wapo wagonjwa, tena si wachache, ambao mzio wao wote wa mbwa uko kwenye protini hiyo peke yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa na mbwa jike bila tabu, na kwake kuhasi dume ni tiba halisi. Kipimo cha damu kinachotenganisha protini moja moja si cha kila maabara, lakini kama daktari wako anaweza kukiagiza na Popi ni dume, hicho ndicho kipimo ambacho ningelipia kabla ya kununua mashine yoyote. Usimhasi kwa kubahatisha tu ukitegemea pua itafunguka. Mhasi kwa sababu zake nyingine, ambazo ni nzuri, na hili likitokea liwe faida ya ziada.

Nirudi kwa huyo jamaa anayeuza mbwa. Habari ya mbwa wasioleta mzio imeenea duniani kote, na ilipata nguvu mwaka 2009 Rais Barack Obama alipompeleka Ikulu ya Marekani mbwa aitwaye Bo, wa aina ya Portuguese Water Dog, kwa sababu binti yake mmoja ana mzio. Mbwa wa aina hiyo, na Poodle, hawapukutishi manyoya mengi, na mtu akiona sakafu safi hudhani hewa nayo ni safi. Vipimo vinasema vingine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima vumbi katika nyumba 173 zenye mbwa mmoja mmoja, na hawakuona tofauti ya kiwango cha Can f 1 kati ya nyumba za mbwa hao wa sifa na nyumba za mbwa wengine. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya mbwa wenyewe, wakakuta kwamba aina zinazosifiwa zilikuwa na Can f 1 nyingi zaidi, Poodle akiwa miongoni mwa walioongoza.

Hata historia ya Labradoodle, aina iliyouzwa sana kwa sifa hiyo, inafundisha kitu tofauti na anachokisema muuzaji. Mwaka 1989, nchini Australia, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu, alichanganya Poodle na Labrador ili kumpatia mbwa mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mume wake alikuwa na mzio. Watoto wa mbwa walikuwa watatu, sampuli za manyoya na mate yao zikapelekwa Hawaii, na ni mmoja tu kati yao aliyeweza kuvumiliwa na yule bwana. Watatu wa tumbo moja, mmoja akafaa. Tofauti ipo, lakini ni ya mbwa mmoja mmoja, si ya aina, na haiwezi kujulikana kwa kutazama manyoya wala kwa kusoma cheti. Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia jinsi kazi yake ilivyogeuzwa biashara. Mshahara wako wa miezi miwili ubaki mfukoni.

Kanuni inayoniongoza ninapopanga mambo ya nyumba ni hii: mzio ni suala la kiasi. Mwili wako ni kama ndoo inayojazwa na mabomba kadhaa kwa wakati mmoja, na chafya huanza inapofurika. Popi ni bomba moja. Utitiri wa godoro ni bomba lingine, moshi wa udi ni lingine, dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka usiku kucha ni lingine, na jiko la mkaa linalowashwa karibu na mlango, na sigara ya mgeni sebuleni. Huna haja ya kufunga yote hadi tone la mwisho. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kwa kupunguza mawili au matatu, na mara nyingine lililokuwa rahisi kulifunga halikuwa la mbwa kabisa.

Anza na chumba cha kulala, na ikiwa nguvu zako zinatosha jambo moja tu, liwe hilo. Unakaa humo saa saba au nane kila siku, pua ikiwa karibu na godoro. Popi asiingie humo kamwe, hata mchana, hata ukiwa safarini, na mlango ufungwe. Nguo ulizokaa nazo sebuleni ukicheza naye zisiwekwe kitandani. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kulala, kwani nywele zako nazo hubeba vumbi hadi kwenye mto. Godoro na mito vivalishwe foronya za kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, zenye zipu, ambazo huzuia utitiri na protini za mbwa kwa pamoja. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzijoto 60 kama mashine yako inafika hapo. Usipokuwa na mashine, loweka kwenye maji uliyochemsha, kisha anika juani.

Kuna vitu viwili vya chumbani ambavyo vitabu vya nchi za baridi havivitaji, na mimi huviuliza kila mara. Cha kwanza ni neti. Chandarua kinachoning'inia juu ya uso wako mwaka mzima hukusanya vumbi, na kila unapokifungua jioni unajipukutishia lote. Kisiachwe kutumika, maana malaria ni hatari kuliko chafya, lakini kifuliwe: kwa upole, kwa maji ya kawaida na sabuni laini, bila dawa ya kung'arishia, na kianikwe kivulini ili jua lisiharibu dawa yake. Neti zenye dawa ya muda mrefu zimetengenezwa kustahimili takriban mafuo 20, hivyo mara moja kila baada ya miezi mitatu inatosha. Katikati ya hapo, kikung'utiwe nje na mtu mwingine. Cha pili ni pangaboi. Tazama ukingo wa juu wa mapanga yake na utaona utando mzito wa kijivu. Ndiyo huo unaorushwa kitandani kila usiku. Ufutwe kwa kitambaa kibichi kila wiki, umeme ukiwa umezimwa. Wenye kiyoyozi nao wasafishe chujio lake kwa utaratibu huo huo.

Sebuleni, sakafu ya vigae au saruji ni neema kwako. Zulia huhifadhi protini za mbwa kwa wingi kiasi kwamba kulisafisha ni kazi isiyo na mwisho. Kama mnalo, litolewe, na mkeka unaoweza kuoshwa uchukue nafasi yake. Ufagio mkavu huinua vumbi zito la sakafuni na kuligeuza kuwa vumbi jepesi la hewani, hivyo nyumba ipigwe deki kwa maji kila siku, si kufagiwa tu, na wewe usiwepo hapo wakati kazi hiyo inafanyika wala kwa nusu saa baadaye. Madirisha yawe wazi mchana. Kochi la kitambaa ambalo Popi amelilalia mwaka mzima ndilo ghala lenu kubwa; ama livalishwe kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa kila wiki, ama wewe uwe na kiti chako cha mbao au cha ngozi ambacho hakuna mbwa anayekipanda. Mashine za kusafisha hewa zenye chujio la HEPA zinafanya kazi kweli, kwani chujio hilo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na zimeonekana kupunguza protini za mbwa hewani. Lakini zinafaa katika chumba kilichofungwa. Nyumba ya pwani yenye madirisha wazi na upepo unaopita haitafaidika nayo sana, na nisingekushauri uitangulize.

Kubwa zaidi kwa upande wa Popi ni mahali atakapolala. Kwetu hapa tuna bahati ambayo mgonjwa wa Ulaya anayeishi ghorofani na mbwa wake miezi ya theluji hana: mbwa anaweza kuishi nje mwaka mzima bila kuteseka. Familia nyingi za Kiislamu za mwambao, zinazofuata madhehebu ya Shafi, hazimwingizi mbwa ndani, na kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Msingi wa desturi hiyo ni tohara wala si tiba, ila kwa pua ya mwenye mzio matokeo yake ni mazuri. Mjengee banda lililoinuliwa sakafu, lenye kivuli na maji. Liwe upande wa magharibi wa nyumba ikiwezekana, kwa sababu kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo katika misimu yote miwili upepo utalibeba vumbi lake mbali na madirisha yenu. Jua la alasiri ndilo litakalokuwa kali upande huo, basi paa lishuke vya kutosha au pawe na mti. Mbwa aliyezoea sebule atalalamika usiku kwa siku kadhaa. Mhamishe taratibu, aanze kulishwa na kupumzika bandani mchana, na watoto wakae naye uani. Asifungwe mnyororo kutwa kwa kisingizio cha mzio wako. Anahitaji kutembezwa na kuchezewa kama zamani, pale penye hewa ya kutosha.

Kuogeshwa kunasaidia, ila kwa muda mfupi. Utafiti mmoja wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kumwosha mbwa hupunguza Can f 1 kwenye manyoya yake na katika hewa, na kwamba ili nafuu hiyo idumu anapaswa kuoshwa angalau mara mbili kwa wiki. Kazi hiyo, pamoja na kumchana manyoya, ifanywe nje na mtu asiye na mzio. Sabuni iwe ya mbwa. Sabuni ya kufulia, na dawa ya josho ya ng'ombe ambayo baadhi ya watu huitumia kama shampuu, hukausha ngozi, na ngozi iliyokauka hupukutisha mba zaidi. Kama ngozi yake tayari ina ukurutu au anajikuna bila kukoma, atibiwe kwanza. Nawe ukimshika, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, na umfundishe tangu sasa kwamba wewe hulambwi.

Nije kwenye dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumizwa. Vidonge vinavyokusinzisha bila shaka ni klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton. Ni dawa ya zamani, na anayeendesha gari au mashine hapaswi kuizoea. Zipo za kizazi kilichofuata, kama setirizini na loratadini, ambazo hunywewa mara moja kwa siku na husinzisha kidogo sana au hazisinzishi. Zinatuliza chafya, muwasho na vipele vizuri, lakini pua iliyoziba hazifungui vya kutosha. Kwa pua iliyoziba, dawa bora ni ya kupulizia yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ya kiwango kidogo, kama flutikasoni, mometasoni au beklometasoni. Dawa hii haifanyi kazi kwa mpuliziko mmoja. Hutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja hadi mbili, na ndiyo maana wengi huitupa siku ya tatu wakisema haifai.

Namna ya kuipulizia nayo ina thamani kama dawa yenyewe. Tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo badala ya kukitupa nyuma, shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, uelekeze mdomo wake upande wa sikio na si katikati ya pua, kisha pulizia huku ukivuta pumzi kwa upole. Ukivuta kwa nguvu, dawa inaishia kooni. Ukielekeza katikati, ukuta wa pua unakauka na kutoa damu. Kabla ya hapo, safisha pua kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi. Yasiwe maji ya bomba ambayo hayajachemshwa.

Viwili vya kuepuka. Matone ya kuzibua pua haraka, yenye zailometazolini au oksimetazolini, yasizidi siku tano, maana yakiendelea pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe na mtu hawezi tena kulala bila chupa. Na ile sindano ya mzio inayochomwa katika baadhi ya maduka ya dawa na zahanati ni steroidi inayozunguka mwili mzima. Hutuliza vizuri sana, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani mtu huirudia mwezi baada ya mwezi huku sukari na shinikizo la damu vikipanda na mifupa ikidhoofika bila yeye kujua. Prednisoloni ya kujinunulia iko katika fungu hilo hilo.

Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili, ambapo mgonjwa hupewa protini ya mbwa kwa kiasi kidogo kinachoongezwa polepole, kwa sindano au matone ya chini ya ulimi, kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa utitiri na chavua ushahidi wake ni mzuri. Kwa mbwa ni dhaifu zaidi, na hapa kwetu madaktari wanaoitoa ni wachache. Kama kipimo chako kitaonyesha kwamba utitiri ndio unaokusumbua zaidi, tuizungumze wakati huo.

Watoto wako msiwatenge na Popi kwa hofu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia zaidi ya watoto laki sita, ulionyesha kwamba waliokulia kwenye nyumba yenye mbwa katika mwaka wao wa kwanza walipata pumu kidogo kuliko wengine, kwa tofauti ya takriban asilimia 13, walipofikia umri wa kwenda shule. Hiyo haimaanishi kwamba mbwa ni dawa kwa mtoto ambaye tayari ana mzio. Lakini kwa watoto wasio na dalili yoyote, kama wa kwako, hakuna sababu ya kuwanyima mwenzao.

Jipe miezi mitatu kwa bidii: chumba kimefungwa, Popi analala bandani, nyumba inapigwa deki, dawa ya pua inapuliziwa kila siku bila kuruka. Endelea kuandika dalili zako. Pua ikiwa wazi usiku na hufikirii macho yako mchana, umefika, na hapo daktari anaweza kukupunguzia dawa hatua kwa hatua. Dalili zikibaki vile vile licha ya yote hayo, au kifua kikianza kubana, basi mzee mwenzangu, itabidi apatiwe makao mengine, na mke na watoto waambiwe ukweli huo mapema badala ya kumkuta mbwa ametoweka. Apelekwe kwa mtu mnayemfahamu, pamoja na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Asiachwe barabarani, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kinaua watu katika nchi zetu, na mbwa asiye na mwenye kumpeleka kwenye chanjo ni hatari kwa mtaa mzima. Nyumba ioshwe kuta na sakafu, kochi livuliwe au liondolewe, na dawa ya pua uendelee nayo kwa miezi ile minne hadi sita ambayo vumbi lake litakuwa bado limo ndani.